Muulize Fundi: Benz kuukuu, breki za kompyuta na barua ya kiwanda ambayo haikukufikia

Mwezi huu barua nyingi ni za watu wa magari makubwa ya zamani, Benz, BMW, Lexus, Range, manake bei zimeshuka mpaka kijana aliyekuwa anaota Premio anaona kumbe kwa pesa ileile anaweza kuchukua E-Class yenye viti vya ngozi, na swali karibu wote ni moja: hii gari kiwanda kiliwahi kuiita? Kwa ambaye hajui mambo haya, kampuni ya magari ikigundua kasoro inayoweza kuumiza mtu inaita magari yote ya aina hiyo yarudi kwa dealer yatengenezwe bure, ndio wanaita rikoli. Barua inatumwa kwa mwenye gari. Sasa mwenye gari kwenye vitabu vyao ni yule baba wa Nagoya au Birmingham aliyeiuza kitambo, sio wewe wa Kireka. Barua ilifika kwake, labda aliifanyia kazi, labda aliitupa kwenye takataka, wewe hujui, na aliyekuuzia kwenye bondi, ile yadi ya magari ya mitumba, naye hajui wala hajali.

Basi nimechagua chache. Zingine nimezikata maana kuna watu wameandika historia ya ukoo mzima kabla ya kufika kwenye gari.

Mzee wa gereji, jambo. Mimi ni mwanajeshi mstaafu, niko Arua. Kuna jamaa anauza Mercedes E240 ya 2003, nyeusi, safi, bei ni nzuri mpaka naogopa. Anasema kulikuwa na maandishi mekundu ya breki yanatokea kwenye dashibodi, fundi akayafuta na laptop, sasa hayatokei tena. Mtoto wangu aliye Kampala anasema breki za hiyo gari ni mbaya nisiguse. Nani mkweli hapo?

Afande, jambo sana. Mtoto wako amekaribia ukweli kuliko huyo jamaa, lakini ngoja nikueleze vizuri ili ukienda kuiona ujue unaangalia nini.

Hiyo E-Class, ambayo mafundi wanaiita 211, ilitoka mwaka 2002 ikiwa na breki za SBC. Breki za kawaida ukikanyaga pedali, mguu wako ndio unasukuma mafuta, na lile duara kubwa jeusi tunaloita sevo linakusaidia nguvu. SBC haina hiyo sevo. Ukikanyaga, pedali inatuma habari kwa kompyuta, kompyuta inaamua, halafu pampu ya umeme ambayo tayari imeshaweka presha kwenye tangi lake ndiyo inabana magurudumu. Ikifanya kazi ni breki tamu ajabu, nakwambia ukweli. Ikikataa ndio kuna maneno: mfumo unarudi kwenye njia ya dharura, mguu wako unabana magurudumu ya mbele tu, bila msaada wowote, pedali inaingia ndani sana na unatakiwa ukanyage kwa nguvu zako zote. Gari inasimama, ndiyo, lakini sio pale ulipozoea isimame. Fikiria unashuka na hiyo kitu Pakwach kuelekea darajani na mbele yako kuna lori.

Mercedes wenyewe walikubali. Mei 2004 waliita magari 680,000 kwa ajili ya hizi breki, halafu Machi 2005 wakaita tena magari milioni 1.3, safari hiyo breki zikiwemo pamoja na mambo mengine ya umeme kama altaneta. Ilipofika 2006 E-Class ikafanyiwa mabadiliko na SBC ikaondolewa kabisa, wakarudi breki za kawaida. Kampuni kubwa haitupi teknolojia yake iliyojisifia nayo kama mambo ni shwari.

Sasa tuje kwa hiyo laptop, maana hapo ndio pananiudhi. Ile pampu ina kaunta ndani yake, inahesabu kila unapokanyaga breki, na ikifika kwenye kiasi cha mara 300,000 hivi inawasha maandishi mekundu ya kusema nenda gereji. Mtu wa Ulaya anayekimbia barabara kuu huko anafika hapo pole pole. Mtu wa foleni ya Kampala anayekanyaga breki toka Bweyogerere mpaka Jinja Road asubuhi na jioni anafika mbio. Wanaofuta na laptop wanachofanya ni kurudisha kaunta nyuma. Pampu ni ileile, mota ni ileile, umri ni uleule, ila sasa haina mdomo wa kukwambia imechoka. Kwa hiyo jamaa anaposema sasa hayatokei tena anasema kweli kabisa, na ndio sababu usimwamini.

Ukienda kuiona fanya hivi. Gari iwe imelala usiku, imefungwa, pawe kimya. Fungua mlango wa dereva usikilize upande wa injini: pampu ya SBC inaamka na kulia zzzz kwa sekunde chache. Hiyo ni kawaida. Ikilia muda mrefu, au kila ukikanyaga inalia kama inahangaika, hiyo ndiyo iliyochoka. Halafu chukua namba ya chesisi mpe dealer wa Mercedes au fundi mwenye mashine ya kweli ya dayagnosi akuangalizie kama kazi ya 2004 na 2005 ilifanywa na kama pampu iliwahi kubadilishwa. Huko Marekani kampuni iliongeza dhamana ya hii pampu mpaka miaka 25, hiyo pekee ikuambie kitu, lakini hiyo dhamana haivuki bahari kuja Arua, hapa utalipa mwenyewe. Kwa hiyo uliza bei ya pampu kwanza, ndio ujadili bei ya gari.

Na jambo moja la mafundi, tafadhali mlisome. Hii gari hubadilishi pedi za breki kama unavyobadilisha za Toyota Corona. Mfumo lazima uzimwe kwanza kwa mashine. Kama haujazimwa, pedi ziko nje, kidole chako kiko ndani ya kalipa, halafu mtoto wa gereji akafungua mlango kuchukua redio yake, pampu inaamka na kusukuma pistoni. Kidole kinabaki hapo.

Afande, kama unaipenda sana sura ya 211 tafuta ya mwisho, ya 2006 baada ya mabadiliko kuja juu. Na kumbuka kwamba ya 2003 au hata ya 2006 haiwezi kuwa imeingia nchini jana, sheria ya Uganda ya 2018 inazuia gari la miaka 15 na zaidi kuingizwa, kwa hiyo iko hapa zamani na imepita mikono. Omba logibuku, ile kadi ya umiliki wa gari, uone ni mikono mingapi.

Kaka fundi, mimi ni dada wa Najjera. Nilinunua C200 ya 2009 toka Japan kupitia bondi ya Nakawa. Taa ya eabegi ilikuwa inawaka, fundi akaniambia ni kawaida ya Benz akaizima. Sasa nasoma kuhusu eabegi za Takata zinazoua watu na silali. Taa ikiwa imezimika ni kwamba niko salama?

Dada pole, na hapana. Hapo umechanganya mambo mawili na sio kosa lako, wengi wanachanganya, hata mafundi.

Taa ya eabegi ikiwaka maana yake kompyuta imeona kuna waya, sensa au swichi haisomi vizuri, na mara nyingi siku ya ajali eabegi haitafunguka kabisa. Kama fundi amebadilisha kilichoharibika taa ikazima yenyewe, sawa. Kama ametoa balbu au ameweka kirezista cha kudanganya kompyuta, amekuuzia usingizi. Jinsi ya kujua: ukiwasha swichi kabla ya kupiga injini, taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache ndio izime. Isipowaka kabisa pamoja na zingine, kuna mtu amecheza.

Takata ni habari nyingine, na hiyo haina taa. Takata ilikuwa kampuni ya Japan iliyotengeneza eabegi za karibu kila mtu, Honda, Toyota, BMW, Mercedes, Ford, Land Rover. Ndani ya eabegi kuna kikopo cha chuma chenye baruti ya kuijaza hewa, na wao walitumia amonia naitreti kwa sababu ni rahisi. Hiyo dawa ikikaa miaka na miaka kwenye joto na unyevu, inapata jua mchana inapoa usiku, inaharibika, vidonge vyake vinapasuka pasuka, na siku ikiwashwa inalipuka kwa nguvu kuliko ilivyopangwa. Kikopo kinapasuka. Vipande vya chuma vinatoka kupitia kitambaa kuja usoni na shingoni kwa dereva. Kuna ajali moja ya Orlando mwaka 2014 ambapo polisi waliona majeraha ya shingo ya yule mama wakadhani amechomwa kisu. Marekani peke yake waliita vikopo milioni 67 hivi, dunia nzima ni kama milioni 100, ndio rikoli kubwa kuliko zote katika historia ya magari, na Takata yenyewe ikafilisika Juni 2017.

Unaona neno joto na unyevu. Wamarekani walianza na majimbo kama Florida na Hawaii kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tuko kwenye ikweta na ziwa liko hapo nyuma ya nyumba, gari inaegeshwa juani kutwa nzima, halafu tunanunua gari ambazo tayari zina miaka kumi. Sihitaji kuongeza.

C-Class za 2005 mpaka 2014 ziko kwenye orodha ya Takata ya Marekani, lakini hiyo haina maana kila C200 ina kikopo kibaya, magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na eabegi za viwanda tofauti. Ndio maana namba ya chesisi ndiyo inayojibu, sio mwaka wala modeli. Na hapa una bahati kidogo. Gari ya Kijapani kwa Wajapani, tuseme Harrier au Mark X, chesisi yake ni fupi, herufi chache halafu mstari halafu namba, na ukiiweka kwenye tovuti za Marekani inakataliwa, lazima uende kwenye tovuti ya kampuni ya Japan yenyewe na uvumilie Kijapani kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Lakini Benz au BMW hata ikiuzwa Japan inabeba namba yake ya dunia ya tarakimu na herufi 17. Ya Benz ya Ujerumani inaanza na WDB au WDD. Iangalie chini ya kioo cha mbele, kwenye stika ya nguzo ya mlango, au kwenye logibuku, hakikisha zote zinafanana (zisipofanana hilo sasa ni swali la polisi, sio langu). Iweke kwenye ukurasa wa kampuni wa kuangalia rikoli, au mpelekee dealer kwa WhatsApp. Na usidanganywe na wale wanaosema eti herufi ya kumi ni mwaka, kwa Benz za Ulaya nafasi ya kumi inaonyesha stelingi iko wapi, 1 kushoto na 2 kulia, kwa hiyo yako itakuwa 2 tu hata ungelia.

Utaambiwa gari toka Japan zote zilishatengenezwa. Sio zote. Ni kweli tangu Mei 2018 serikali ya Japan ilikataa kupitisha ukaguzi wa gari zenye eabegi za Takata za hatari ambazo hazijabadilishwa, na hiyo ilisaidia sana. Lakini fikiria ni gari gani zinauzwa kuja huku: mara nyingi ni zile ambazo ukaguzi wake umeisha au unakaribia kuisha na mwenyewe hataki gharama. Hiyo haikupita tena pale mlangoni, ilipanda meli.

Ukikuta imeitwa na haijafanywa, ipaki mpaka ibadilishwe, na ukilazimika kuiendesha sogeza kiti nyuma kadiri unavyoweza kuendesha vizuri, usiegemee stelingi, na safari za lazima tu. Usiende Kisekka, lile soko la spea la Kampala, kununua eabegi ya mtumba ya kuweka badala yake. Ile imetolewa kwenye gari ya umri uleule, hujui ilitoka wapi, unaweza kutoa nzuri ukaweka mbovu na pesa ukalipa.

Fundi habari. Mimi niko Kasese nafanya biashara Mpondwe, naendesha Lexus RX ya zamani. Vumbi ni nyingi, nimeweka mati ya raba juu ya kapeti ya gari na juu yake nimeweka nyingine. Rafiki ananiambia mati inaweza kuua mtu. Ananitania?

Hakutanii. Agosti 2009 huko San Diego, Lexus ES350 ya kuazimwa ilikimbia bila kusimama mpaka ikaua watu wanne, dereva alikuwa askari wa barabara kuu, mtu wa kuendesha kabisa. Gari ilikuwa imewekwa mati ya raba ya modeli nyingine ya Lexus, ndefu kuliko nafasi yake, ikabana pedali ya mafuta chini. Baada ya hapo Toyota iliita karibu magari milioni 3.8 kwa ajili ya mati na pedali, Januari 2010 ikaita mengine milioni 2.3 kwa pedali za kukwama, rais wa kampuni Akio Toyoda akaenda kukalishwa mbele ya bunge la Marekani, na mwaka 2014 wakakubali kulipa dola bilioni 1.2. Watu walisema ni kompyuta, wakaitwa mpaka wataalamu wa NASA, nao mwaka 2011 wakasema hawakuona kosa la umeme la kusababisha hiyo kitu. Ilikuwa mati na pedali.

Kwa hiyo toa zile za juu. Baki na moja, iliyokatwa kwa ajili ya gari yako, na iwe imeshikwa na zile ndoano za kwenye sakafu, sio inateleza teleza. Vumbi la Kasese utalipangusa tu, ndugu yangu, ni vumbi.

Na siku ikitokea gari inakimbia yenyewe, iwe ya aina yoyote: kanyaga breki mara moja kwa nguvu zote na usiachie. Usipampu. Injini ikiwa kwenye mafuta yote sevo haipati nguvu mpya, ukipampu mara mbili tatu unamaliza ile iliyobaki na pedali inakuwa jiwe. Gia peleka N. Injini italia kama inataka kupasuka, acha ilie, bora injini kuliko wewe. Kama ni ya kitufe, kibonyeze ukishikilie sekunde kadhaa, kugusa tu hakuzimi. Lakini ukizima ufunguo usiutoe, stelingi itajifunga.

Mwalimu, mimi ni wa Busia. Mjomba ana Mercedes GL ya 2010 toka Uingereza. Nasikia kampuni iliwaambia watu wapaki hizi gari wasiziendeshe kabisa. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

Ni kweli. Juni 2022 Mercedes iliita karibu magari milioni moja duniani, ML, GL na R-Class za 2004 mpaka 2015, na kwa wengine ikasema acheni kuendesha mpaka ikaguliwe. Tatizo ni ile sevo ya breki niliyomweleza afande. Kuna raba imezunguka kopo lake, maji yanaingia chini ya ile raba yanakaa, chuma kinaoza pole pole mahali ambapo huoni. Kopo likitoboka linavuja hewa, pedali inakuwa ngumu, na kwa zile zilizooza sana ukikanyaga kwa nguvu siku ya dharura kiungo cha pedali kinaweza kuachana na breki kabisa.

Mwambie mjomba kwamba ya Uingereza ina wasiwasi zaidi kwa sababu kule majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi na chuma mnajua wenyewe. Afungue boneti, aangalie lile duara kubwa nyuma upande wa dereva. Lakini kwa macho hutamaliza, kazi yenyewe ni kutoa ile raba na kuangalia chini yake, na hiyo afanye mtu wa dealer. Akisikia pssss mguuni anapokanyaga, au pedali imekuwa ngumu kuliko zamani, apaki leo, sio baada ya harusi.

Kwa gari za Uingereza kuna njia rahisi kabisa: kama bado una namba ya zamani ya kule, ile ya kwenye karatasi zilizokuja na gari, unaiweka kwenye tovuti ya serikali yao unaona kama kuna rikoli haijafanywa, unaona na historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka, kutu zote zimeandikwa humo. Ni burudani kusoma, na ni huzuni kama umeshanunua.

Majibu ya haraka haraka

Msomaji wa Mbarara anayeuliza kama Range Rover Sport ya zamani iliitwa kwa sababu ya kukaa chini asubuhi, ile ya shokapu za hewa: hapana bwana, hiyo ni malalamiko ya wenye magari, sio rikoli. Na hapa mjue tofauti manake barua nusu zimechanganya. Rikoli ni hatari ya mwili, breki, moto, stelingi, eabegi. Kitu kinachokula pesa zako tu, hata kilalamikiwe na dunia nzima, kampuni hailazimiki kukuitia. Kwa hiyo hiyo Range nunua sabuni, changanya na maji, pulizia kwenye mabegi ya hewa na kwenye viungo vya mipira, mapovu yatakuonyesha panapovuja. Fanya mapema, ukichelewa kompresa inafanya kazi kutwa kucha inaungua, halafu unalipa viwili.

Wa Jinja, swali la injini ya Benz V6 ya M272 na gia ya balansi shafti, ile shafti ya kupunguza mtikisiko wa injini: hivyo hivyo, malalamiko. Gia ya zile za kwanza, za 2004 mpaka 2006 hivi, ilikuwa laini inaliwa, wenye magari wakashitaki Marekani, lakini rikoli ya usalama haikuwa. Kuibadilisha ni kutoa injini nje. Ndio maana zinauzwa rahisi, hakuna siri nyingine.

Wa Masaka, kioo cha juu cha Benz: ndiyo, hiyo iliitwa. Mwishoni mwa 2019 Mercedes ilitangaza Marekani kuita karibu magari 745,000, C, E, CLK na CLS za 2001 mpaka 2011, gundi ya kioo cha paa inaachia na kioo kinaweza kuruka barabarani. Panda uangalie kingo zake, ukiona imeanza kunyanyuka au upepo unapiga mluzi, usikimbie na basi za Masaka Road mpaka umeigundisha vizuri, na sio kwa silikoni ya bafuni.

Wa Entebbe mwenye BMW X5 ya 2003: hii sio ya haraka lakini nafasi inaisha. Mei 2023 BMW Marekani iliwaambia wenye magari kama 90,000 ya 2000 mpaka 2006, X5 za mwanzo zikiwemo, waache kuendesha kabisa kwa ajili ya Takata. Ipaki. Tuma namba zote 17 kwanza.

Fundi mimi niko Gulu. Nimeangalia chesisi, kweli gari yangu iliitwa na haijafanywa. Sasa niende wapi? Dealer ataniangalia kweli mtu wa gari ya bondi?

Swali zuri sana hilo. Nenda kwa dealer aliyeidhinishwa wa hiyo aina, na usianze na maneno ya "mnifanyie bure", anza na karatasi. Chapisha ule ukurasa unaoonyesha namba yako na rikoli iliyo wazi, beba logibuku na kitambulisho. Kazi ya rikoli kwa kawaida inalipwa na kiwanda sio na dealer, kwa hiyo humnyang'anyi kitu, anaijazia madai yake anatumiwa spea. Tatizo kubwa huwa ni kusubiri spea, na umri: Marekani kwa mfano kutengenezewa bure kisheria ni kama rikoli ilitangazwa ndani ya miaka 15 toka gari iuzwe mara ya kwanza, ikitangazwa baada ya hapo ni hisani ya kampuni, na hata tovuti ya serikali yao haionyeshi rikoli za zaidi ya miaka 15. Kwa hiyo ukiweka namba ya gari kuukuu ikakuambia hakuna kitu, usishangilie, muulize kiwanda pia.

Akikuambia hapana, mwambie akuandikie hiyo hapana, kwenye barua pepe inatosha. Na hiyo barua unaituma kwa makao makuu ya kampuni, kitengo cha wateja, na picha ya namba ya chesisi na picha ya gari na logibuku. Andika Kiingereza kifupi, tarehe, modeli, namba, jina la kasoro kama walivyoliita wenyewe, unataka nini. Usiandike matusi hata kama yamejaa. UNBS, shirika la viwango la Uganda, nao wapo kwa malalamiko ya bidhaa zisizo salama, wape nakala, maana wao ndio wanaosimamia ukaguzi wa magari ya mitumba kabla hayajapanda meli, na wakipata barua kumi za aina moja ni tofauti na wakipata maneno ya kijiweni.

Wakati unasubiri, kama ni breki au eabegi ya dereva gari ikae. Kama ni kitu kidogo, mfano kioo cha paa, unaweza kulitengeneza kwa pesa yako, ila tunza risiti na kile kitu cha zamani kilichotolewa, kampuni zingine zinarudisha gharama ukiwa na ushahidi. Na ukija kuiuza hiyo gari kabla haijatengenezwa, yule mnunuzi mpe hiyo karatasi uliyochapisha, apunguze bei kama atapunguza.